Jicho Halina Kosa: Yanayosemwa Kwenye Meza za Puli Dodoma na Ukweli Wake

Jioni ya Nkuhungu. Kwenye ukingo wa meza kuna sarafu nne zimepangwa mstari, kila moja na mwenyewe, na aliyepo mezani hatoki mpaka afungwe. Dogo mmoja anainama, anafumba jicho la kushoto kama anayewinda njiwa kwa manati, anapiga. Mpira unagonga mdomo wa shimo, unatoka nje. Ushauri unamiminika kutoka kwenye viti: "Jicho, dogo! Jicho!"

Ushauri huo nimeusikia miaka mingi, na mimi mwenyewe nimewagawia watu bila kuulizwa. Sehemu kubwa ni makosa tunayorithishana.

"Fumba jicho moja ndiyo unalenga vizuri"

Manati acha iwe manati. Mezani unahitaji kupima umbali wa mpira na umbali wa shimo kwa pamoja, na kazi hiyo inafanywa na macho mawili. Kilicho kweli ni kwamba watu wengi wana jicho moja linalotawala. Nyosha mkono, elekeza kidole kwenye mnara wa simu ulio mbali macho yote mawili yakiwa wazi, fumba jicho moja, kisha jingine. Jicho ambalo likibaki wazi kidole hakihami kwenye mnara, ndilo hilo. Kuna wachezaji ambao fimbo inakaa sawa chini ya jicho hilo, wengine katikati ya kidevu. Pa kwako utapapata kwa kupiga mipira iliyonyooka na kuangalia ni wapi ukiweka kichwa mstari unaouona ndio mpira unaoufuata.

"Elekeza mweupe pale unapotaka ugonge"

Hapa ndipo wengi tumepotelea, na inauma kwa sababu ushauri wenyewe unaonekana wa akili kabisa. Ili mpira uende shimoni lazima uguswe na mweupe, yaani ule mpira unaopigwa kwa fimbo, kwenye nukta iliyo upande wa pili wa shimo. Hiyo ni kweli. Basi mtu anaielekeza fimbo kwenye nukta hiyo, anapiga, na mpira unapita pembeni ya shimo. Anarudia, inakuwa vilevile. Anailaumu meza.

Tatizo ni kwamba mweupe nao una tumbo. Ukielekeza kitovu chake kwenye ile nukta, ubavu wake utagusa kabla kitovu hakijafika, na utagusa mahali pengine, panene, yaani karibu zaidi na katikati ya mpira, kuliko ulivyotaka. Kitovu cha mweupe hakifiki kwenye nukta ya kugusana hata siku moja. Kinaishia nusu ya upana wa mpira kabla yake. Kwa hiyo chora kichwani mpira wa tatu, wa kufikirika, umeegemea mpira unaoulenga kwenye ule mstari unaotoka shimoni. Kitovu cha mpira huo wa kufikirika ndicho unachokilenga, hata kama pale mezani unaona kitambaa kitupu.

Pembe moja inafaa kuikariri. Mstari wa fimbo ukielekea kwenye ukingo kabisa wa mpira unaoulenga, mweupe utaufunika nusu, na mpira huo utaondoka kwa nyuzi 30 kutoka kwenye mstari wako. Ukishaijua hiyo kwa macho, nyingine unazisoma kwa kulinganisha: hii ni nene kuliko nusu, ile ni nyembamba.

"Nimelenga vibaya"

Mara nyingi hukulenga vibaya. Ulilenga sawa, mkono ukaenda kwingine.

Jaribu hivi kabla watu hawajajaa. Weka mweupe peke yake katikati ya upana wa meza, upige katikati kabisa uende ukuta wa mbali na urudi. Usinyanyuke, fimbo iache ilipoishia. Mweupe ukirudi ukagusa ncha ya fimbo, mkono wako umenyooka. Ukirudi pembeni, mara nyingi umeupa mzunguko wa ubavuni bila kukusudia. Mimi nilipofanya mara ya kwanza ulirudi kiganja kizima kulia, nami tayari nilikuwa najiita fundi.

Sababu ni zilezile kwa wengi wetu. Kiganja kinabana fimbo wakati wa kupiga. Kichwa kinanyanyuka kuangalia kama mpira umeingia, na bega linakifuata. Fimbo inasimama ghafla kwenye mpira badala ya kupita. Na macho, sekunde ya mwisho, yako kwenye mweupe, ilhali walimu wengi wa mchezo huu wanataka yawe kwenye mpira unaolengwa.

Dawa yake haidai hata sarafu. Laza chupa tupu ya soda juu ya meza ya chakula, shika fimbo au hata ufagio, kisha pitisha ncha ndani ya mdomo wa chupa na kuirudisha, bila kugusa kioo. Mara hamsini. Utasikia ting, ting, ting, na mama mwenye nyumba atakuuliza una nini.

"Meza hii ina jini"

Ina vumbi. Dodoma mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili hivi. Miezi iliyobaki ni ukame na upepo, na meza nyingi ziko barazani au chini ya turubai. Mipira inavaa koti la vumbi, chaki na mafuta ya chipsi. Mipira michafu ikigusana inasuguana zaidi, na msuguano huo unauburuta kidogo mpira uliogongwa kuelekea kule mweupe ulikokuwa unakwenda. Matokeo yake unapita kama vile umepigwa nene. Ukipiga polepole athari inaonekana zaidi. Kwenye mipira michafu, punguza: lenga nyembamba kidogo. Au fanya jambo ambalo halifanywi na mtu: omba kitambaa chenye unyevunyevu uifute.

Jini la pili ni mwinamo. Niliwahi kucheza Kibaigwa, jirani na soko la mahindi, meza imekaa kwenye udongo mtupu. Kila mpira wa taratibu ulikuwa unakwenda kona ya kushoto kama umeitwa na shangazi. Madereva wa malori waliokuwa wanalala pale waliijua kona hiyo, wakatula sote. Sasa kabla ya mechi nasukuma mpira mmoja taratibu kwa urefu na mmoja kwa upana.

"Fundi anaonekana kwa spini ya ubavuni"

Ukiupiga mweupe ubavu wa kulia ili uzunguke, unaondoka ukiwa umesukumwa kidogo kushoto, na ukipiga ubavu wa kushoto unasukumwa kulia. Yaani ile hesabu yote ya kulenga uliyoifanya umeivuruga wewe mwenyewe. Spini hiyo ina kazi yake, hasa mweupe unapogonga ukuta, lakini asiyeweza kupiga katikati haijamfikia. Anza na mstari wa wima: juu mweupe usonge mbele, chini urudi, katikati usimame. Mweupe unaoteleza bila kubingirika, ukigonga mpira kwa pembe, unaondoka kwa nyuzi 90 na njia ya ule mpira. Unaobingirika kawaida, ukigonga karibu na nusu, unapinda kama nyuzi 30 kutoka njia yake. Kwa hayo mawili tu unajua mweupe utalala wapi.

Na usijilaumu sana mweupe ukikataa kurudi nyuma. Meza ya sarafu lazima iutambue mweupe ili iurudishe ukitumbukia, hivyo mara nyingi mpira huo hutofautiana na mingine kwa ukubwa au uzito, au una sumaku ndani. Ulio mzito kuliko wenzake hurudi kwa shida. Mwepesi hurudi mpaka ukushangaze.

"Chaki ni mbwembwe, na ya ubaoni inatosha"

Chaki ya puli ya leo si chaki. Wamarekani William Spinks na William Hoskins walipata hataza yake mwaka 1897, mchanganyiko wa unga mgumu unaoipa ngozi iliyo kwenye ncha ya fimbo makali ya kushika mpira. Ya ubaoni ni laini, inapukutika tu. Pakaza kwa kupangusa kabla ya kila pigo; kuichimba katikati kama unatoboa nazi kunaacha kingo za ngozi zikiwa kavu, na kingo ndizo zinazoteleza.

"Huu mchezo wa wazungu, kwetu umekuja juzi"

Meza zimekuja juzi. Lakini karne ya 19 mipira ya biliadi, baba wa puli, ilichongwa kwa pembe za ndovu, na misafara ya pembe kutoka bara kwenda Bagamoyo ilikatiza hapahapa Ugogo, ikilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili ipite na kunywa maji. Kutoka Unguja pembe zilisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, kwa ajili ya vinanda, vitana na mipira hiyo.

"Ni kipaji, ama unacho ama huna"

Efren Reyes wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa mwaka 1999 ambaye wengi wanamtaja kama fundi kuliko wote, alikulia kwenye ukumbi wa puli wa mjomba wake Manila. Alikuwa mfupi hafikii meza, akawa anasimama juu ya kreti za soda. Usiku alilala juu ya meza hiyohiyo. Mtoto anayelala mezani anapiga mipira mingapi kabla wateja hawajaamka? Sisi tunacheza mechi tatu Jumamosi, zote za kushindania bia, halafu tunasema mwenzetu kazaliwa nacho.

"Bia moja inatuliza mkono"

Kinachotulia hasa ni aibu ya kukosa, ndiyo maana baada ya ya tatu unaanza kuwafundisha wengine kufumba jicho.