"Ni Meno Tu": Kilichoua Watoto Wachanga Uingereza Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza

Kiwango cha vifo vya watoto wachanga ni nini?
Ni idadi ya wanaofariki kabla ya kutimiza mwaka 1, kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Uingereza na Wales, mwaka 1915 walikuwa 110. Mwaka 1916 wakashuka hadi 91.

Waliuawa na mabomu?
Wengi wao hapana. Walikufa kwa kuzaliwa njiti, nimonia, surua, kifaduro na kuharisha.

Mbona kuharisha kulizidi kiangazi?
Joto, nzi na chupa. Mitaa ilijaa kinyesi cha farasi, maziwa yakakaa wazi mezani. Chupa mbaya kuliko zote ilikuwa ile yenye mpira mrefu, mtoto ananyonya peke yake amelala. Ndani ya mpira brashi haifiki, maziwa yanagandia humo, na maziwa mapya yanapita juu ya uchafu wa jana. Wengine walitumia maziwa ya kopo yaliyoondolewa mafuta: matamu, ila hayamjengi mtoto. Kiangazi kikali cha 1911 kilipandisha vifo vya mwaka huo hadi 130 kwa kila 1,000. Waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama walipona zaidi.

Si kosa la akina mama waliokwenda viwandani kutengeneza risasi?
Lawama hizo zilikuwepo tele. Lakini wanawake walijaa viwandani na bado vifo vya 1916 vilipungua. Mshahara hununua chakula. Isitoshe, sheria ya 1915 ililazimisha kila uzazi uripotiwe ndani ya saa 36, muuguzi akapata kujua nyumba ya kutembelea.

Na meno yaliua?
Hapana. Mwaka 1839 huko vifo zaidi ya 5,000 viliandikwa kuwa vya "kuota meno", na madaktari walichana fizi kwa kisu. Jino haliui. Kilichoua ni kuishiwa maji mwilini huku watu wakisubiri jino litoke.

Lakini mwanangu anaota jino na anaharisha kweli.
Meno huanza karibu na miezi 6. Umri huohuo anaanza uji, anatambaa, anaokota kila kitu na kutia mdomoni. Mambo mawili yamekutana, basi. Jino haliharishi mtoto!

Tunaambiwa kinachomharisha ni "meno ya plastiki", yang'olewe.
Hayapo. Kinachong'olewa ni chipukizi la jino lake halisi, kwa kifaa kichafu, na mtoto anaongezewa jeraha juu ya kuharisha.

Nisubiri siku ngapi basi?
Hata moja usisubiri. Endelea kumnyonyesha, usimpunguzie. Changanya pakiti 1 ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Pakiti ya lita 1 itiwe lita 1 (si nusu lita, chumvi itazidi). Aliye chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha kijiko kimoja kimoja. Mpe pia vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha.

Lini nikimbie hospitali?
Macho yamedidimia, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea, au kuna damu kwenye choo. Saa hiyohiyo, hata usiku, ukimpa ORS njiani. ORS iliyokaa saa 24 mwaga, changanya nyingine.