Mshindani, Hasimu na Adui: Pale Maneno ya Kampeni Yanapogeuka Kosa la Jinai

Uchaguzi Mkuu ujao wa Kenya utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na ingawa muda rasmi wa kampeni haujafunguliwa, siasa zimeshaanza kupigwa katika mazishi, harambee na makundi ya WhatsApp. Malalamiko nayo yameanza kumiminika kwetu katika Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Wapo wanaodhani kwamba kila neno kali analotupiwa mwanasiasa wao ni matamshi ya chuki, na wapo wanaoamini kwamba hakuna neno linaloweza kuwafikisha mahakamani maadamu limesemwa kwa mafumbo. Pande zote mbili zimekosea, na kosa la pili ndilo linalotutia hofu zaidi.

Mshindani ni mtu anayekitaka kile unachokitaka wewe, chini ya kanuni mlizozikubali nyote wawili. Mpinzani anaikataa hoja au sera yako, na huenda hata kiti chako hakitaki. Hasimu ni yule ambaye ugomvi kati yenu umekomaa hadi ukasahau ulianzia wapi, ijapokuwa siku hizi vichwa vya habari humwita hasimu hata mtu aliyetofautiana na mwenzake juzi tu. Adui ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa adui hutakiwi kumshinda kwa kura. Unatakiwa kujilinda naye, kumfukuza au kummaliza. Ndiyo maana mzungumzaji anayewaambia wasikilizaji wake kwamba jamii fulani ni adui anakuwa ameshawaelekeza la kufanya, hata kama hakutaja panga wala kiberiti.

Kuegemea upande si kosa. Ibara ya 38 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kukifanyia kampeni, na Ibara ya 108 inamtambua kiongozi wa chama chenye wabunge wachache kuwa sehemu ya Bunge kama alivyo yule wa chama chenye wabunge wengi. Mkulima wa Molo anayempigia debe mgombea asiyependwa na jirani yake hajamkosea jirani huyo, na tungeomba malalamiko ya aina hiyo yasiletwe. Mtumishi wa umma ana mipaka zaidi, kwa sababu Ibara ya 232 inamtaka ahudumie wote bila upendeleo.

Kwamba ushindani mkali unaweza kuishi pamoja na udugu ni jambo ambalo Wakenya wamelijua kwa miaka mingi kupitia soka. AFC Leopards, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968, zina mizizi katika jamii za Waluhya na Waluo, na mashabiki wake hukejeliana bila huruma. Hata hivyo mechi yao huitwa debi ya Mashemeji, kwa kuwa jamii hizo zimeoana vizazi na vizazi. Huko Tanzania, Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Mtani anaruhusiwa kukutukana kwa sababu kesho atakuja kukuzika.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitungwa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwang'oa maelfu kwa maelfu makwao. Kifungu cha 13 kinakataza maneno ya vitisho, matusi au dharau yanayokusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, au ambayo, yakitazamwa pamoja na mazingira yote, yanaelekea kuichochea. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 62, kuhusu kudharau na kuchochea uhasama dhidi ya mtu au jamii kwa misingi ya kabila au asili, kina faini isiyozidi kiasi hicho hicho, lakini kifungo chake kinaweza kufika miaka 5.

Maneno "mazingira yote" ndiyo yasiyosomwa. Wanaolalamikiwa hutuambia mara kwa mara kwamba "madoadoa" na "kwekwe" (yaani magugu) ni Kiswahili sanifu na yamo kwenye kamusi. Bila shaka yamo. Lakini katika Bonde la Ufa, tangu machafuko ya miaka ya 1990, kuondoa madoadoa kumemaanisha kuwaondoa watu wa jamii nyingine mashambani mwao, na msemaji jukwaani anajua hivyo kama wanavyojua wanaomshangilia. Hali ni hiyo hiyo kwa kauli ya Pwani kwamba "wabara waende kwao".

Utetezi mwingine ni kwamba mtu hakutunga ujumbe, alisambaza tu. Kifungu cha 13 kinataja waziwazi kuchapisha na kusambaza, kwa hiyo anayeusukuma ujumbe katika kundi jingine naye anaweza kujikuta na shtaka lake.

Anayetaka kulalamika aeleze nani alisema, wapi, lini, mbele ya nani na kwa lugha gani, akinukuu maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, badala ya muhtasari wa hisia zake. Kama yalisemwa kwa lugha ya mama, yaandikwe kwa lugha hiyo kwanza, tafsiri ifuate. Ujumbe wa simu usifutwe baada ya kupigwa picha ya skrini. Simu iliyoupokea ihifadhiwe, kwa sababu kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza jinsi nakala ya kielektroniki ilivyotolewa na kwa kifaa gani, na nakala isiyo na cheti hicho inaweza kukataliwa kortini. Video iliyokatwa ifuatane na hotuba nzima ikiwezekana, maana upande wa utetezi utaiomba.

Baada ya uchunguzi, faili hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye chini ya Ibara ya 157 ndiye anayeamua kushtaki au kutoshtaki bila kuelekezwa na yeyote. Tume haimfungi mtu. Wanaotupigia simu kuuliza mbona fulani bado yuko nje wanaomba mamlaka ambayo Katiba haikuwapa maafisa wa uwiano, nasi hatuyataki.