Harara chini ya helmeti ya mtoto: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtoto anapoanza kuvalishwa helmeti ya kurekebisha umbo la kichwa, mara nyingi akiwa na miezi 4 hadi 6, wazazi huambiwa kwamba atakaa nayo saa 23 kwa siku, na kwamba saa moja iliyobaki ni ya kumwogesha na kuipumzisha ngozi. Siku tatu nne baadaye helmeti inavuliwa jioni, sponji ya ndani imelowa, vinywele vimegandamana, na kisogoni hadi shingoni vimetapakaa vipele vidogo mfano wa punje za ulezi. Hapo simu hupigwa: mama aliyeko Minneapolis au Leicester anamwonyesha bibi wa mtoto vile vipele kwenye video, na bibi aliyeko Tanga, ambaye amelea watoto na wajukuu, anamtajia dawa anayoijua. Nia yake ni njema. Hata hivyo, sehemu ya ushauri huo ndiyo inayozidisha tatizo.

Dhana yenye madhara kuliko zote ni kwamba harara hutokana na ukavu au uchafu wa ngozi, na kwa hiyo dawa yake ni mafuta. Harara ni jasho lililokosa njia. Vijitundu vya jasho vya mtoto havijakomaa, huziba upesi, na jasho likibaki ndani huikera ngozi. Likinaswa karibu kabisa na uso wa ngozi, hutokea malengelenge madogo maangavu kama matone ya umande, ambayo hayawashi. Likinaswa chini zaidi, ndipo vinapotokea vile vipele vinavyowasha na kumfanya mtoto ajisugue kichwa begani mwa mama. Ngozi ya namna hiyo ikipakwa mafuta ya nazi au mafuta ya mgando, kisha ikafunikwa kwa plastiki ngumu, vijitundu vilivyokuwa vimeziba nusu huziba kabisa, na sponji nayo hunyonya mafuta hayo na kumrudishia mtoto siku nzima. Mafuta ya nazi yana kazi yake mwilini mwa mtoto, lakini si hapa.

Poda nayo haifai. Ikichanganyika na jasho hugeuka tope linaloganda kwenye mikunjo ya shingo, na vumbi lake mtoto huweza kulivuta hadi mapafuni. Madaktari wa watoto wa Marekani wamewaonya wazazi juu ya jambo hilo kwa miaka mingi. Krimu za kutuliza muwasho zisipakwe bila daktari kuiona ngozi kwanza, kwa sababu dawa iliyofunikwa kwa helmeti hupenya ngozini kwa nguvu kuliko iliyoachwa wazi.

Kinachosaidia ni kupoza na kukausha. Mwosheni mtoto kichwa kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mmkaushe kwa kumgusagusa kwa taulo bila kusugua, kisha mwacheni kichwa wazi, mahali penye upepo au feni ya mbali, hadi vinywele vikauke vyote. Kumvalisha helmeti kichwa kikiwa na unyevu ni sawa na kumfunika kwa kitambaa kilicholowa. Siku ya joto kali, kuivua mara moja mbili kwa dakika chache, kufuta jasho kichwani na ndani ya helmeti, kisha kuirudisha, hakuharibu tiba.

Jambo ambalo jamaa hulikubali kwa shida ni nguo. Kwetu mtoto huvalishwa soksi, sweta na shali hata jua likiwa la saa sita, na anayemwacha na fulana moja huonekana mzembe. Lakini kichwa cha mtoto ni sehemu kubwa ya mwili wake na hutoa joto jingi. Kikishafungwa, mwili hutafuta pengine pa kulitolea. Mtoto mwenye helmeti apunguziwe nguo moja kuliko ambavyo angevaa bila hiyo. Mpapaseni kifuani au mgongoni ili kujua kama ana joto, kwani mikono na miguu yake huweza kuwa baridi hali mwili umemwiva.

Wengine huambiwa waangalie “wekundu”, na wasipouona hudhani ngozi ni salama. Karatasi nyingi za maelekezo ziliandikwa kwa kufikiria ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi alama ya mgandamizo huonekana kama doa jeusi zaidi, la zambarau au la kijivu, na harara huweza kugundulika kwa vidole kabla ya macho: ngozi inaparuza na ina joto kuliko ya pembeni. Alama ikififia ndani ya saa moja baada ya kuvua, hilo ni jambo la kawaida. Ikibaki, hasa ikiwa mahali pamoja tu na haina vipele, hiyo si harara. Helmeti inabana na inahitaji kuchongwa upya na mtaalamu aliyeitengeneza. Msiweke pamba wala kitambaa ndani ili kuziba pengo, maana mtahamisha mgandamizo uliopimwa.

Kuianika helmeti juani ili ipoteze harufu ni kosa jingine, kwa kuwa joto huweza kuipinda plastiki. Ifuteni kila siku kama alivyoelekeza mtaalamu, mkaiache ikauke kwa hewa. Na mtoto akipata homa, ngozi ikachubuka, ikatoa usaha au majimaji ya manjano, ivueni mara moja na mpigieni daktari. Kwa harara ya kawaida, kuivua wiki nzima bila kuuliza hakushauriwi: kichwa hukua haraka katika umri huo, na helmeti huenda isimkae tena.

Kuna pia wanaomlaumu mama kwamba hamtunzi mtoto. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha watoto 84, asilimia 96 ya wazazi ambao watoto wao walivaa helmeti waliripoti ngozi kukereka, na asilimia 71 waliripoti jasho kuongezeka. Utafiti huohuo uligundua kwamba watoto walipofikisha miaka 2, ambao umbo la kichwa lilikuwa limerudi sawa kabisa walikuwa takriban robo katika kila kundi, waliovaa na wasiovaa. Kwa hiyo ngozi ya mtoto ikigoma kabisa, ni halali kumuuliza daktari kama tiba hii bado inahitajika.

Kabla ya kwenda kliniki, pigeni picha vile vipele jioni, mara tu helmeti inapovuliwa na penye mwanga wa dirishani, kwa maana harara ya jioni mara nyingi huwa imetoweka asubuhi daktari anapoiangalia.