Je, wajua kwa nini waya wa hita hukataa lehemu?

Hita ya printa ya 3D ikikatika, anayejitengenezea mwenyewe hujikuta na waya wa nikromu, ule unaotoa joto, mkono mmoja na waya za shaba mkono wa pili. Ziunganishweje? Mimi nilikimbilia lehemu. Nilikosea, na hata kosa lenyewe nililielewa vibaya.

Nilidhani tatizo ni kuyeyuka. Ni kweli kwamba lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na kichwa cha printa, kinachoyeyusha plastiki, hupita 200. Lakini lehemu yangu ilinikataa kabla hata sijawasha printa: ilijikunja tone, ikaviringika kama maji juu ya jani la yungiyungi. Nikromu, yaani nikeli na kromiamu, mara nyingi 80 kwa 20, hujivika utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu. Dawa ya utomvu inayosafisha shaba haiutikisi. Na utando huohuo ndio unaouwezesha waya kuwaka mwekundu bila kuliwa na hewa. Tunaulaani kwa kazi tuliyoununulia. Asidi kali huuondoa, ila hapo unarudi kwenye zile nyuzi 183.

Basi waya hubanwa, ndani ya kijibomba cha metali. Kubana nako kuna siri. Nyuso mbili za metali zikikutana, hugusana kwenye vichuguu vichache tu, na umeme wote husongamana hapo kama umati unaotoka uwanjani kwa mlango mmoja. Kubana kwa nguvu huviponda vichuguu na kufungua milango zaidi. Hita ya wati 40 kwa volti 12 ina ukinzani wa omu 3.6. Kiungo kilicholegea kikiongeza nusu omu, chenyewe hula wati 4 hivi. Kinapashwa, kinapata kutu, ukinzani unapanda, kinapashwa zaidi.

Ndiyo maana kiungo huwekwa mbali na kitovu cha joto. Ujanja ninaoupenda ni kuukunja mwisho wa nikromu na kuusokota uwe nyuzi mbili kabla ya kuubana. Kila uzi hubeba nusu ya mkondo wa umeme, na kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo, kila uzi hutoa robo tu. Mkia huo hubaki na joto la chini kuliko waya uliosalia, ingawa joto la kichwa bado litaufikia kwa kupita ndani ya metali, kwa hiyo usiufanye mfupi mno.