Ruaha ni yetu: tunayoyasikia Iringa na ukweli wake

Ukisema unakwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hapa Iringa mjini utajibiwa haraka: "Huko ni kwa Wazungu." Linaniuma neno hili, maana hifadhi iko kilomita 130 hivi kutoka mjini, barabara ya Idodi na Tungamalenga. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kidogo sana kuliko dola anazotoa mgeni. Kinachokula fedha ni gari. Mkichanga watu sita au saba mkakodi moja, mzigo unapungua. Beba kitambulisho cha kuonyesha kuwa wewe ni Mtanzania.

Wengine bado wanasema Ruaha ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini. Ilikuwa hivyo baada ya Pori la Akiba la Usangu kuunganishwa nayo mwaka 2008, ila tangu 2019 Hifadhi ya Nyerere imeipita.

Eti wanyama ni wale wale kila mahali? Nyumbu wa Serengeti usiwatafute Ruaha, hawapo. Lakini tandala mkubwa na tandala mdogo wote wapo, na swala wakubwa palahala na korongo, na mbwa mwitu.

Kuhusu simba kurukia gari: kwa kawaida humwoni akijali, kwake gari na waliomo ni kitu kimoja kikubwa. Hatari inaanza ukishuka, au ukisimama na kujitokeza nje. Atakayekusumbua kweli ni mbung'o, na anapenda rangi ya bluu na nyeusi. Vaa kaki.

Dhana ninayotaka tuiache kabisa ni hii: kwamba Mto Ruaha Mkuu, unaopita hifadhini, unakauka kiangazi kwa sababu mvua zimegoma tu. Wazee wanaukumbuka mto uliotiririka mwaka mzima. Ulianza kukatika kiangazi cha 1993, na tangu hapo hali hiyo imekuwa ikijirudia. Maji yake yanashuka kutoka milima ya Mbeya na Njombe, yanaingia bonde la Usangu, yanapita ardhioevu ya Ihefu ndipo yafike hifadhini. Huko Usangu yanachepushwa kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, na mifereji mingine huendelea kuchota hata wakati shamba halina haja ya maji. Mchele wa Mbarali, huko huko Usangu, tunaula sote, nami naupenda. Ila mfereji usiofungwa baada ya mavuno unamnyima kiboko wa Msembe, humo hifadhini, dimbwi lake.

Mwezi Septemba nilisimama ukingoni mwa Mwagusi, mto wa mchanga mtupu. Tembo jike alikuwa akikwangua mchanga kwa mguu wa mbele, taratibu, mpaka shimo likafika urefu wa mkono wangu. Akatumbukiza mkonga, akayamwaga pembeni maji ya kwanza yenye tope, akangoja yatulie. Ndipo akanywa. Mwanawe alipiga magoti akajaribu kunywa kwa mdomo. Walipoondoka, pundamilia wanne waliokuwa wakisubiri chini ya mkwaju wakasogea kwenye shimo lile lile.