Foo wili ya RAV4 si foo wili ya Jimny

Ingia yadi yoyote ya magari Dar es Salaam, simama mbele ya RAV4 au X-Trail, na kabla hujauliza bei dalali atakuwa ameshasema: "Hii foo wili, bosi," yaani injini inasukuma magurudumu yote manne. Inaweza kuwa kweli, inaweza isiwe. Na hata ikiwa kweli bado hajakwambia kitu, maana neno hilo limebeba mifumo mitatu, na mvua ikikukuta kwenye udongo wa mbuga ndipo utajua umenunua upi.

Mkongwe ni ule wa kuweka na kutoa. Siku zote gari linasukumwa na matairi ya nyuma; ukifika kwenye tope unaweka foo wili, na ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawasawa. Suzuki Jimny imejengwa hivyo. Uwezo wake uko kwenye kule kufungana, na ubaya wake uko hapohapo. Gari likikata kona, matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi linateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami kavu halina pa kuteleza, kwa hiyo propela (ule mhimili wa chini unaopeleka nguvu kwenye ekseli) na gia zinajikaza, usukani unakuwa mzito, gari linaruka-ruka kwenye kona. Ukilazimisha, unavunja vitu. Ndiyo sababu madereva wa zamani hutoa foo wili mara tu wakigusa lami.

Wa pili ni wa muda wote. Subaru Forester inasukuma magurudumu manne saa zote, lami na vumbi. Suzuki Escudo ya kuanzia 2005, ile yenye 4H na 4L LOCK, nayo iko hapa: difu ni gia zinazoruhusu pande mbili zizunguke kwa mwendo tofauti, na hii ina ya tatu katikati inayoziacha ekseli mbili zitofautiane mwendo, na unaweza kuifunga mambo yakiwa magumu. Juu ya hapo ina gia nzito (hiyo 4L), ya kwenda polepole kwa nguvu nyingi. Kwa bei yake, naiona gari linalodharauliwa bure.

Wa tatu ndio umejaa barabarani kwetu, na ndio unaoeleweka vibaya. RAV4 ya kizazi cha tatu na X-Trail, ukiwa unatembea kawaida, husukumwa zaidi na matairi ya mbele. Karibu na difu ya nyuma kuna klachi inayoongozwa na kompyuta. Matairi ya mbele yakianza kuteleza, klachi inabana na nguvu inaenda nyuma. Kitufe cha LOCK kwenye RAV4 hiyo kinaiambia klachi ibane kabisa, lakini ukifika kama kilomita 40 kwa saa inajiachia yenyewe. Gia nzito hakuna. Na klachi ni klachi: ukikanyaga moto kwenye mchanga wa ufukweni dakika kadhaa mfululizo inachemka, mfumo unajizima ili usiungue, na hapo una gari la matairi mawili likiwa limezama nusu tairi.

Kuna jambo lingine linalowashangaza wengi. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye tairi lililo jepesi kuzunguka. Kwa hiyo "foo wili" inaweza kukwama huku tairi moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka hewani na mengine mawili yametulia tuli. Magari mapya hulifunga breki lile tairi linaloteleza, na hilo linasaidia sana, ila lipe muda lifanye kazi: mwendo mdogo, mguu mwepesi. Ukiona hausogei, shuka uchimbe.

Sasa kununua. Usiamini stika ya "4WD" mlangoni. Soma namba ya chesisi. RAV4 ya ACA31 ni foo wili, ACA36 ni ya matairi ya mbele tu. Harrier ya ACU35 ndiyo, ACU30 siyo. Kwa X-Trail, NT30 na NT31, ile N ya mwanzo ndiyo inayokwambia kuwa ni foo wili. Halafu inama uchungulie chini: kama hakuna propela inayokwenda nyuma hadi kwenye difu, mazungumzo ya foo wili yameisha na bei ishuke. Ikiwepo, muulize fundi oili ya difu ya nyuma ilimwagwa lini. Wengi hubadilisha ya injini tu na kuisahau hiyo.

Matairi ndiyo gharama ambayo dalali haitaji. Kwenye mifumo hii, hasa ya Subaru, matairi manne yalingane ukubwa na uchakavu. Ukifunga mawili mapya mbele na vipara nyuma, mfumo unadhani gari linateleza saa zote, na klachi au difu inaliwa taratibu. Vilevile, gari likiharibika, usikubali likokotwe huku matairi mawili yakiburuzwa chini. Lipandishwe lote juu ya gari la kubebea.

Kitu kimoja ambacho foo wili haisaidii ni kusimama. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, hata Vitz. Kule kupanda Lushoto kwenye utelezi kwa urahisi kunakupa ujasiri wa kushuka kwa kasi ileile, na wakati wa kushuka huna lolote ulilomzidi mwenye Vitz ila uzito. Weka gia ndogo, acha injini ishike.

Kama safari zako ni Mbezi hadi Posta, na Krismasi Moshi kwa lami, mimi ningechukua ACA36, nikaweka tofauti ya bei kwenye matairi manne mazuri.