Uhalali wa umma katika fedha za elimu

Neno "halali" limetuzoesha kufikiria sheria: Baraza la Wawakilishi limepitisha, basi yamekwisha. Uhalali wa umma ni jambo jengine. Ni kule watu kuukubali mgao kuwa wa haki, hata yule aliyepata kidogo, kwa kuwa hesabu yake anaijua.

Zanzibar mizani hiyo ni nzito zaidi. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo, na tangu hapo kila badiliko linalogusa mfuko wa mzazi hupimwa kwa ahadi ile. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, nayo haiepuki kipimo hicho. Mkopo ni deni, na deni halimkeri mtu sana kama kumuona jirani mwenye uwezo kapata, naye kakosa bila ya kuelezwa sababu.

Mageuzi ya ugharamiaji kwa kawaida huacha ruzuku ya jumla, ile ya "mpeni kama mwaka jana", na kuhamia malipo kwa kichwa, yaani kwa idadi ya wanafunzi, au kwa matokeo. Malipo kwa kichwa hukishawishi chuo kujaza madarasa. Malipo kwa matokeo hukifanya kimkwepe mwanafunzi dhaifu.

Elimu ya watu wazima ndiyo huumia kimyakimya. Chukua darasa la kisomo katika kijiji cha wakulima wa mwani, mfano wa kubuni: walioandikishwa 30, malipo shilingi 10,000 kwa kila anayehudhuria. Mkaguzi akija wiki ya bamvua, maji yakitoka mbali, kina mama wako pwani wanavuna, na wakirudi bado kuna kuanika. Atawakuta 12. Darasa linapata 120,000 badala ya 300,000, na mwalimu wa kujitolea ndiye wa mwanzo kukosa posho. Kiwango hakina kosa; siku ya kuhesabu ndiyo mbovu. Hesabu mara nne, mbili bamvua na mbili maji mafu, siku maji yasipotoka mbali, kisha chukua wastani. (Anayepanga ratiba ofisini bila ya kuuliza kalenda ya maji asishangae akiitwa dhalimu.)

Vigezo vitangazwe kabla ya maombi kufunguliwa, si baada ya majina kutoka. Rufaa iwe na tarehe ya kujibiwa. Na ile karatasi ya hesabu, vichwa mara kiwango, ibandikwe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kila mtu aijumlishe mwenyewe.